Gemu za Runinga Zinazoundwa Upya na Kazi ya Fundi wa Mpakani

Mhadhara kwa wafanyabiashara, mafundi, walimu na wanafunzi wa Busia na Malaba

  

Mada yangu ni mashine za zamani za gemu za runinga ambazo leo zinaundwa upya, pamoja na vifaa vyake: pedi, kaseti, adapta, nyaya na bastola za kulengea. Sisi huziona zaidi katika sura yake ya bei nafuu: kimashine cha mkononi kilichoandikwa kwamba kina gemu 400, au sanduku la plastiki lenye pedi mbili linalochomekwa nyuma ya runinga. Katika nchi tajiri, mashine za ukoo huohuo hununuliwa na watu wazima kwa bei ya simu nzuri. Dai langu ni moja. Kuunda upya mashine ya zamani ni shule ya utengenezaji, na miji yetu, ambayo kwa miaka mingi imezoea kupitisha bidhaa zilizotengenezwa na wengine, ina kila sababu ya kujiandikisha katika shule hiyo. Lakini hatutaingia kwa heshima tusipotenganisha mambo matatu yanayochanganywa sokoni kila siku: mashine yenyewe, jina lililobandikwa juu yake, na gemu zilizomo ndani. Nitalijenga dai hili kwa hoja tano, kisha nitajibu pingamizi ambazo najua ziko vinywani mwenu.

Hoja ya kwanza: kuna njia tatu za kuunda upya, na zote ni kazi ya akili

Chimbuko la sehemu kubwa ya biashara hii ni Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, na miaka miwili baadaye ikaingia Marekani kwa jina la NES. Kwa vipimo vya leo ilikuwa mashine maskini. Prosesa yake ilitokana na chipu ya 6502 iliyotolewa mwaka wa 1975, ilienda kwa kasi ya megahezi 1.79, na kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Umaskini huo ndio unaoifanya iwe somo zuri. Mashine ya namna hii mtu mmoja anaweza kuielewa yote, kuanzia waya wa umeme hadi nukta ya mwisho kwenye kioo. Simu iliyo mfukoni mwako hakuna mtu mmoja duniani anayeielewa nzima.

Njia ya kwanza ya kuiunda upya ni kuzibana saketi zake zote ndani ya chipu moja. Viwanda vya Taiwan, kisha vya China bara, viliichambua Famicom sehemu kwa sehemu na kuishusha hadi kipande kimoja cha silikoni kinachofunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Mafundi mlio hapa mnalijua tone hilo. Mkifungua kifuniko mnakuta bodi ndogo, vipande vichache, na lile doa jeusi katikati. Haikuwa kazi ya kunakili kwa macho. Kwa mfano, Famicom ilitengenezwa kwa runinga za Japani zinazochora picha mara 60 kwa sekunde, ilhali runinga zetu za zamani zilifuata mfumo wa PAL, ambao huchora mara 50. Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza chipu zilizorekebishwa mwendo wake ili kaseti zilizoandikwa kwa mfumo wa Japani zifanye kazi kwenye runinga za PAL bila picha kuvurugika. Aliyefanya hesabu hiyo alikuwa mhandisi, hata kama sanduku lililomfikishia mteja kazi yake lilikuwa la plastiki dhaifu.

Njia ya pili ni kuchukua kompyuta ndogo ya kisasa na kuiwekea programu inayojifanya mashine ya zamani. Programu ya aina hiyo huitwa emuleta. Nintendo yenyewe ilifuata njia hii Novemba 2016 ilipotoa NES Classic, sanduku dogo lenye gemu 30, na Sony ikafuata Desemba 2018 kwa PlayStation Classic yenye gemu 20. Naomba mlisikilize jambo hili vizuri: ndani ya PlayStation Classic, Sony ilitumia emuleta ya PCSX ReARMed, programu huria iliyojengwa na watu wa kujitolea waliokuwa wakichambua PlayStation kwa mapenzi yao. Kampuni iliyounda mashine ya asili ilikwenda kuchota kazi ya wale walioichambua kutoka nje. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba uchambuzi wa namna hii ni maarifa halisi.

Njia ya tatu ndiyo mpya na ndiyo ghali. Hutumia chipu iitwayo FPGA, ambayo saketi zake hazijafungwa kiwandani. Mtumiaji ndiye anayezipanga, akazivunja, akazipanga tena, kama matofali yaleyale yanavyoweza kujenga ghala leo na kisima kesho. Kampuni ya Analogue ya Marekani, kwa kazi ya mhandisi Kevin Horton, ilitoa mashine kadhaa za aina hii, na Desemba 2021 ikatoa Pocket, mashine ya mkononi inayosoma kaseti za Game Boy ya Nintendo, ambayo bei yake imepita dola 200. Kando yake kuna mradi huria wa MiSTer, ulioanzishwa mwaka wa 2017 na Alexey Melnikov, ambao huweka wazi michoro ya saketi kadhaa za zamani ili yeyote aisome, aijaribu na kuirekebisha. Basi kati ya kimashine cha bei nafuu kilicho kwenye rafu za Busia na Pocket ya dola 200, tofauti ni kiwango cha uaminifu wa kazi. Swali waliloanza nalo waundaji wote ni lilelile: mashine hii ilifanyaje kazi, nami nitaifanyaje ifanye tena?

Hoja ya pili: mashine, jina na gemu vina hukumu tofauti mbele ya sheria

Sokoni kila kitu cha bei nafuu huitwa bandia, na afisa anayekagua mzigo hulaumiwa akiukamata na hulaumiwa akiuachilia. Sheria zetu ziko wazi zaidi kuliko mazungumzo yetu. Kwanza, mashine. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, hataza nchini Kenya hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, na kipimo hicho ndicho kinachofuatwa katika nchi nyingi. Kwa kipimo hicho, hataza za mashine iliyotoka mwaka wa 1983 zilikwisha muda mwanzoni mwa karne hii. Ubunifu ule umerudi mikononi mwa umma, na hayo ndiyo makubaliano ya hataza tangu asili: mbunifu analindwa kwa muda, kisha jamii inarithi.

Pili, jina. Alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 10 na huhuishwa tena na tena bila kikomo. Anayetengeneza mashine yake na kuiandika Nintendo, Sony au Sega anamdanganya mnunuzi, na hilo ni kosa hata kama mashine ni nzuri. Tatu, gemu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, na ulinzi wake hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Super Mario Bros. ya mwaka wa 1985 bado ina mwenyewe, na itaendelea kuwa na mwenyewe wakati wajukuu wetu wakiwa watu wazima. Kwa hiyo sanduku moja lililo juu ya meza ya mfanyabiashara linaweza kuwa halali kwa saketi zake, kosa kwa jina lake, na kosa jingine kwa gemu 400 zilizojazwa ndani bila ruhusa. Kulihukumu lote kwa neno moja ni kumwonea fundi au kumwonea mtunzi, mmojawapo.

Mtu atasema kwamba kutenganisha huku ni anasa ya mawakili. Nchi yetu imekwisha kujifunza, kwa jambo zito zaidi, kwamba si anasa. Tarehe 20 Aprili 2012, katika kesi ya Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 ilikuwa imeandikwa kwa namna inayoweza kuzichanganya dawa halali za jeneriki na dawa bandia, na kwamba mchanganyiko huo unatishia haki za uhai, utu na afya za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Gemu haliwezi kuwekwa kwenye mizani moja na dawa inayookoa uhai. Kanuni iliyotumika ndiyo ninayoichukua: kitu kilichotengenezwa upya kihalali na mtu mwingine, kwa bei ambayo mwananchi anaimudu, si kitu bandia. Bandia ni kile kinachojificha nyuma ya jina la mwenzake. Tukishika kanuni hiyo, afisa wa forodha anajua akague nini, mfanyabiashara anajua aagize nini, na fundi anajua atengeneze nini.

Hoja ya tatu: vifaa vya pembeni ndivyo mlango wa fundi

Hakuna anayetarajia kiwanda cha chipu kifunguliwe kesho pale Burumba au Amagoro. Lakini mashine ya gemu haifi kwa sababu ya chipu mara nyingi. Hufa kwa pedi, kwa adapta, kwa waya na kwa runinga isiyoelewana nayo. Huko ndiko kazi iliko, na huko ndiko maarifa yanakoanzia.

Tuanze na pedi. Ile alama ya msalaba inayosukumwa kwa kidole gumba ilibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa kimashine cha mkononi cha mwaka wa 1982, na hadi leo iko kwenye pedi karibu zote duniani. Chini ya vitufe kuna mpira wenye kaboni unaogusa njia za shaba. Kaboni ikichakaa, kitufe kinakufa, na mtu anatupa pedi nzima ambayo ingepona kwa kusafishwa au kubadilishiwa mpira. Zaidi ya hapo, pedi ya NES inatumia chipu ndogo ya kawaida, namba 4021, inayoshika hali ya vitufe vinane kwa mpigo mmoja na kuipeleka kwenye mashine kitufe kimoja baada ya kingine kupitia waya mmoja. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayeweza kulehemu anaweza kuijenga pedi hiyo juu ya kipande cha bodi kwa muda mfupi, na akiisha kuijenga ameelewa jinsi vifaa vya dijitali vinavyozungumza. Kampuni ya 8BitDo ya Shenzhen imejijengea jina kwa pedi zisizo na waya na vipokezi vinavyoiwezesha mashine ya zamani kupokea pedi ya kisasa. Biashara nzima ya kimataifa imejengwa juu ya kiungo hicho kidogo kati ya kidole na mashine.

Njooni kwenye adapta. Famicom ya Japani ilihitaji volti 10 za umeme wa DC, tena kwa plagi ambayo hasi yake iko katikati. NES ya Marekani ilikuja na adapta inayotoa volti 9 za AC. Masanduku mengi ya chipu moja hutumia volti 9 za DC. Plagi zinafanana kwa macho, na anayezibadilishana bila kusoma maandishi ya nyuma anaweza kuichoma mashine, au kuipa nyumba hatari ya moto ikiwa adapta yenyewe ni ya kiwango duni. Fundi anayesoma maandishi hayo, anayepima kwa mita kabla ya kuchomeka, na anayemweleza mteja sababu, anauza usalama. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya kwenye adapta ina uzito kuliko idadi ya gemu iliyoandikwa kwenye boksi.

Halafu kuna bastola ya kulengea, ambayo wazazi wengi hudhani imeharibika pindi inunuliwapo. Siku za runinga za mgongo mrefu, ulipovuta kitufe picha iligeuka nyeusi kwa kitambo kisichoonekana na jicho, kisha kisanduku cheupe kikachorwa mahali pa shabaha. Jicho la bastola likiuona mwanga kwa wakati uliotarajiwa, umepiga. Runinga bapa huchelewesha picha na haiichori kwa mpangilio ule, kwa hiyo bastola haipati inachokitafuta. Tangu tulipohamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, runinga bapa zimezidi kuenea, na bastola zile zikanyamaza. Suluhisho lipo: bastola ya Sinden ya Uingereza hutumia kamera ndogo inayotambua fremu nyeupe inayozunguka picha, kisha hukokotoa imeelekezwa wapi. Fundi anayeelewa maelezo haya hatamuuzia mteja bastola ya zamani pamoja na runinga bapa, na uaminifu huo ndio unaomrudisha mteja.

Hoja ya nne: waliounda upya jana ndio wanaotuuzia simu leo

Nikifika hapa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kidogo cha Zhongshan, kusini mwa China, kilipata meneja kijana aitwaye Duan Yongping. Kiwanda hicho kikajulikana kwa mashine za Subor zilizotokana na Famicom, na baadaye kikauza mashine yenye kibodi iliyotangazwa kama chombo cha kujifunzia, ambayo watoto wa China walijifunzia kuchapa na kuandika programu fupi. Mwaka wa 1995 Duan aliondoka na kuanzisha kampuni ya BBK. Kutoka ukoo huo wa BBK zilizaliwa Oppo na Vivo, majina mnayoyaona kwenye vibao vya maduka ya simu kuanzia Kisumu hadi Kampala. Sidai kwamba Subor peke yake ilileta hayo. Mtaji, sera za serikali na soko kubwa la nyumbani vilichangia. Lakini mikono iliyojifunza kuunganisha bodi, kusimamia wasambazaji wa vipande na kumfikia mteja wa kipato cha chini ilijifunza kwenye mashine ya gemu.

Brazil ilifuata njia nyingine. Kampuni ya Tectoy, iliyoanzishwa mwaka wa 1987, ilipata ruhusa ya Sega na kuunganisha mashine zake mjini Manaus. Mwaka wa 1991 ilichukua gemu la Kijapani na kubadilisha wahusika wake kuwa Mônica na wenzake, watoto wanaopendwa wa katuni za Brazil, na ilipofika mwaka wa 2017 ilikuwa bado inatoa mashine mpya ya Mega Drive ya Sega. Brazil inatufundisha kwamba ruhusa ikiombwa hupatikana, na kwamba mashine ya kigeni inaweza kusema lugha ya nyumbani. Kutoka India kuna mfano wa tatu. Mwaka wa 2008, Derek Lomas na wenzake walianzisha mradi wa Playpower baada ya kuona kwamba masanduku ya kibodi yaliyotokana na Famicom yaliuzwa huko kwa takriban dola 10, na wakaanza kuyaandikia gemu za masomo. Waliona kile ninachowaomba mkione: hataza za mashine zimekwisha, runinga imo sebuleni tayari, na kinachokosekana ni maudhui halali yenye manufaa.

Nani basi atayaandika maudhui yetu? Mwaka wa 2019 kikundi cha Morphcat cha Ujerumani kilitoa gemu jipya kabisa la NES, Micro Mages, lenye ukubwa wa kilobaiti 40, chini ya picha moja ya kawaida ya simu. Kwa udogo huo, mwanafunzi mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na zana za bure anaweza kuandika gemu zima. Afrika Mashariki haina upungufu wa vipaji: Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka wa 2015, na Kola Studios ya Uganda ikageuza mchezo wa karata wa matatu kuwa gemu la simu. Bao, ambalo wenzetu wa kando ya Ziwa huliita ajua, linatosha kabisa ndani ya kilobaiti 40, na sheria zake hazina mwenye hataza.

Hoja ya tano: mpaka unampa nafasi anayetengeneza

Miji yetu iko njiani. Malaba ina reli na foleni ya malori ya Ukanda wa Kaskazini. Busia ina barabara ya Kisumu na umati wa wafanyabiashara wadogo wanaovuka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na sasa msafiri na mzigo hukaguliwa upande wa nchi wanayoingia pekee. Lakini urahisi wa kuvuka haumnufaishi kila mtu sawa. Chini ya Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha asili pale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa na imetengenezwa ndani ya Jumuiya. Mashine ya gemu iliyotoka Guangzhou haipati cheti hicho. Yule dada anayeibeba kwenye mfuko na kuvuka nayo anatakiwa kulipa, au anajikuta akikwepa na kuhatarisha mtaji wake wote.

Sheria haikumwonea. Imeandikwa ili impendelee mtengenezaji wa nyumbani, na sisi hatujakitumia kibali hicho. Kenya imeonyesha kwamba kuunganisha vifaa vya elektroniki kunawezekana: kiwanda cha simu cha Athi River kilizinduliwa Oktoba 2023, na huko Nyeri kampuni ya Semiconductor Technologies inafanya kazi ya chipu katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Hatua yetu inaweza kuwa ndogo kuliko hizo: kasha la mbao au la plastiki lililotengenezwa hapa, pedi iliyolehemiwa hapa, adapta iliyopimwa hapa, na gemu zilizoandikwa na vijana wa pande zote mbili. Kiasi gani cha kazi hiyo kinatosha kuihesabu bidhaa kuwa ya Jumuiya ni swali la kanuni za uasili, na vyama vyetu vya wafanyabiashara vina haki ya kuliuliza rasmi na kuomba bidhaa za namna hiyo ziingizwe katika orodha.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni la wazazi, na nalipa heshima kamili: gemu huwafunza watoto kamari. Hofu hii haikutoka hewani. Mashine za kutumbukiza sarafu ziliingia hadi vijijini, watoto wakapoteza fedha za shule, na mwaka wa 2018 serikali ikazikusanya na kuziteketeza nyingi. Lakini gemu la runinga lisilolipa fedha si kamari, na hata orodha ya kimataifa ya forodha inalijua hilo: mashine za gemu za nyumbani zina namba 9504.50, na michezo inayoendeshwa kwa sarafu, noti au tokeni ina namba 9504.30. Mzazi afanye kama forodha. Aulize swali moja: je, mashine hii inachukua fedha na kuahidi fedha? Ikiwa ndiyo, aipige marufuku nyumbani kwake. Ikiwa siyo, abaki na kazi ya kawaida ya malezi, ya kuweka saa za kucheza na saa za kusoma.

Pingamizi la pili husema kwamba simu imekwisha maliza habari hii, kwa kuwa emuleta hupatikana bure. Ni kweli kwamba simu huyachezesha magemu haya. Lakini simu ni ya mtu mmoja, inakula bando, na matangazo ya kubashiri huingia humo bila kubisha hodi. Sanduku la runinga lina pedi mbili, halihitaji intaneti, na hutumika mbele ya macho ya nyumba nzima. Tena emuleta kwenye simu haimfunzi mtu kulehemu. Kuna pia suala la kumbukumbu: mwaka wa 2023 wakfu wa Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotolewa Marekani hayatolewi tena sokoni na wenyewe. Mashine inayoundwa upya ni mojawapo ya njia chache za kuiweka kazi hiyo ya akili ikiwa hai.

Pingamizi la tatu ni la taka, nalo ni zito. Plastiki dhaifu inayokufa baada ya likizo moja ya shule ni mzigo kwa ardhi yetu, na runinga za zamani zina risasi katika vioo vyake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeweka msingi wa kumfanya mtengenezaji na mwagizaji wawajibike kwa bidhaa zao hadi mwisho wa maisha yake. Hapa pingamizi linageuka kuwa hoja yangu mwenyewe. Mashine iliyofungwa kwa skrubu badala ya gundi, yenye pedi inayochomoka na adapta inayobadilishika, hukaa miaka. Tukiagiza za namna hiyo na kuzirekebisha hapa, taka hupungua. Tukiendelea kuagiza zile zisizofunguka, tunanunua taka kwa fedha zetu.

Tunakokwenda

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa maombi yanayotekelezeka. Kwa wafanyabiashara: kataeni shehena yenye majina ya watu wengine, na muulizeni muuzaji wa jumla kama gemu zilizomo zina ruhusa, kwa kuwa mashine isiyo na gemu za wizi inaweza kuuzwa mchana kweupe. Kwa mafundi: fungueni tone lile jeusi kwa akili hata kama hamwezi kulifungua kwa bisibisi, someni michoro ya MiSTer, jengeni pedi moja ya chipu ya 4021, kisha mfunzeni kijana mmoja. Kwa walimu: mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa kuandika programu shuleni, na mashine ya kilobaiti 2 ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba programu huendesha kitu kinachoshikika. Chuo Kikuu cha Alupe, kilicho kati ya Busia na Malaba, na vyuo vya ufundi vya kaunti, vinaweza kuandaa shindano la kwanza la gemu la mpakani, likiwa wazi kwa wanafunzi wa Kenya na Uganda, kwa sharti kwamba kila gemu liwe jipya na liwe la mtunzi wake. Kwa maafisa wa forodha: tenganisheni mashine, jina na gemu katika ukaguzi na katika maelezo mnayowapa wafanyabiashara, kwa sababu mfanyabiashara anayeelewa sheria ni rahisi kumwongoza kuliko anayeiogopa.

Nchi zilizoanza kwa kuiga na zikabaki hapo zimesahaulika. Zilizoiga ili zielewe, kisha zikatengeneza vya kwao, ndizo tunazonunua bidhaa zake leo. Vipande vya kazi hii ni vya bei nafuu, hataza zake zimekwisha, na soko lake liko pande zote mbili za lango letu. Tuanze.